Mnazi Uliosimama kwenye Njia ya Bajaji

Vijana wangu mlioajiriwa juzi kwenye meza za vibali, mliniomba nije niwaambie mawili matatu kuhusu kazi, nikajibu kwamba nitaandika. Nikisimama mbele yenu nitawatazama mikononi na roho itaniuma. Nawaonea wivu. Nalisema mapema msije mkadhani mzee amekunja uso kwa sababu ya magoti. Mnashika kile kibao chenu cha kioo, mnakipapasa kwa kidole, na kiwanja kizima cha mtu wa Kilindoni kinatokea hapo, paa na minazi na kila kitu, kimepigwa picha kutoka angani. Mkikosea mnafuta. Mimi nikikosea nilikuwa nachukua wembe, nakwangua wino taratibu huku nimebana pumzi, na nikizidisha kidogo karatasi inatoboka, naanza upya.

Kazi yangu nyingi, kama hamjui, haikuwa majumba. Majumba yanaonekana, wakubwa wanakwenda kuyafungua na kupiga picha. Mimi nilichora njia za magari. Mtu ana nyumba yake ya siku nyingi, amejaliwa gari au bajaji, anataka kubomoa kipande cha ukuta, kuvuka mtaro wa barabara na kuingia uani kwake. Watu walikuwa wakinijia wanacheka, wananiambia, Hemedi, kumbe nahitaji kibali cha kuingia kwangu mwenyewe. Walidhani ni usumbufu wa serikali tu. Wengine walifunika mtaro kwa mbao na vifusi bila kumwambia mtu, masika yakaja, na maji yaliyokuwa yakienda zake baharini yakaingia chumbani kwa jirani.

Aliyenifundisha ni Mzee Mbaraka, aliyekuwa mchora ramani ofisini kwetu kabla yangu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, anayevaa koti hata jua likiwaka. Somo lake la kwanza lilikuwa ndoo. Aliniambia kabla sijachora mstari wowote nikamwage ndoo ya maji pale gari litakapopita, nikae chini, niangalie yanakwenda wapi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo, nikaona ni mambo ya kizamani. Nikamchorea mfanyabiashara mmoja wa vitambaa njia nzuri sana, yenye mteremko laini kutoka barabarani hadi mlangoni kwake, zege safi, kingo zimenyooka. Mvua ya kwanza ilipiga mchana. Kesho yake yule bwana aliingia ofisini suruali ameikunja mpaka magotini, akaniwekea mezani mto wa kochi uliolowa chepe, akaondoka. Mzee Mbaraka akauchukua ule mto, akaukamua dirishani polepole, akasema maji yameisoma ramani yangu vizuri kuliko mwenyewe.

Tangu siku hiyo ndoo haikunitoka. Hata nyinyi na picha zenu za angani, chukueni ndoo. Picha ya angani haijui maji.

Jambo jingine alilonifundisha ni kumuuliza mtu ana gari gani, siyo anatamani gari gani. Hapa kwetu mtu anaweza kukuambia andika lori, ukamchorea njia pana inayokula uwanja mzima mpaka banda la kuku likakosa pahali, kumbe mwenyewe ana baiskeli na mipango. Mwende mkalione gari lenyewe. Likiwepo, liendesheni kwenye mchanga pale pale, mfuate alama ya magurudumu na kamba, halafu mmwage majivu ya jikoni juu ya ile alama. Mkimaliza mtaiona njia ilivyo kabla haijawa njia. Majivu ndiyo ramani ambayo kila mtu anaisoma, aliyesoma na asiyesoma, na mwenye nyumba akisimama juu yake ataona mwenyewe kwamba mlango wa choo utafungukia kwenye bampa.

Basi, nilikuwa hodari. Sijisifu, mkitaka waulizeni wa rika langu. Na kwa sababu nilikuwa hodari, nilikuwa nasubiri kiti cha dirishani.

Ofisi yetu ilikuwa na dirisha moja la maana, na chini yake kiti cha Mzee Mbaraka. Sisi wengine tulichora kwenye kivuli. Mzee alipokaribia kustaafu kila mtu alijua kile kiti ni changu, hata mfagizi alishaanza kuniambia atanisogezea meza. Ndipo akaletwa Anjela. Alitoka Songea, binti mwembamba mwenye msalaba mdogo shingoni na kompyuta ndani ya begi la mgongoni. Siku aliyofika, Mzee Mbaraka aliinuka, akakivuta kile kiti, akamwambia keti hapa mwanangu, soketi iko huku. Nilinyang'anywa mwanga wa jua kwa sababu ya soketi ya umeme, na aliyenyang'anya ni mtu niliyembebea ndoo ujana wangu wote.

Nikasema moyoni, sawa, atakaa dirishani lakini hawezi kuijua Mafia. Mtu wa bara ataijuaje? Atakuja kujikwaa na mimi nitakuwepo kumwona.

Hakujikwaa. Alianza kwa kuwaamkia watu kutoka mbali, shikamoo yake inafika kabla yake, na wazee wa hapa mkiwaamkia vizuri wanalegea. Mimi mzaliwa wa hapa hapa, niliyekulia Ndagoni, nikienda kukagua kiwanja nilikuwa nakaribishwa maji ya kunywa. Anjela akienda alikuwa anarudi nyuma ya pikipiki amekumbatia madafu, pweza mkavu, siku nyingine jogoo mzima amefungwa miguu. Mke wangu mwenyewe alimpenda. Walikuwa wakikaa jikoni wanakuna nazi na kucheka, nikiingia wananyamaza, na mwanamume akinyamaziwa jikoni kwake usingizi unapungua.

Nilijaribu kumchunguza ana dawa gani. Sikuona dawa. Nilichoona ni kwamba aliuliza sana. Akifika kwenye kiwanja hafungui begi. Anazunguka na mwenyewe, anauliza: hiki kisima anachota nani, kichochoro hiki wanapita kina nani, kaburi hili la nani, mti huu wa nani. Hasa miti. Mtu fulani wa hapa alishamdokeza jambo ambalo wageni wengi hulijua wakiwa wamechelewa, kwamba kisiwani kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Mtu amerithi mnazi kwenye shamba la shangazi yake, au alipewa alipokuwa mtoto, au aliupanda kwa ruhusa zamani, na ni wake mpaka uanguke. Ramani ya serikali haionyeshi hilo. Ukimpa mtu kibali cha kuingiza gari na akaukata mnazi wa mwenzake, muhuri wako hautamsaidia kitu barazani kwa wazee.

Mimi nilikuwa nikimwona anauliza, nacheka kimoyomoyo. Mimi sikuwa na haja ya kuuliza. Mimi nilikuwa najua.

Sasa nifike kwenye lile lililoniuma kuliko kiti.

Nina mama mdogo, Bi Pili, mdogo wake marehemu mama yangu. Nyumba yake iko Kilindoni, kando ya barabara, na ndani ya nyumba hiyo ndimo nilimozaliwa. Mama yangu alishikwa na homa baada ya uzazi, maziwa yakakauka, na Bi Pili akanichukua akaninyonyesha mpaka nikasimama dede. Ndipo wazazi wangu wakahamia Ndagoni. Kwa hiyo kwangu yeye ni mama, na Athumani, mwanawe aliyemzaa miaka mingi baadaye, ni ndugu yangu wa kunyonya. Kitovu changu kilizikwa uani kwake, upande wa mbele karibu na baraza, na mche wa mnazi ukapandwa juu yake kama ilivyokuwa desturi yetu. Mnazi ule ni wangu. Utotoni nilikuwa naletewa nazi zake Ndagoni ndani ya pakacha, na wenzangu wakinitolea macho, maana wao minazi yao ilikuwa bado mifupi.

Athumani alikuwa mzamiaji wa majongoo bahari. Siku moja alikaa chini sana na mpira wa hewa mdomoni, akapanda juu kwa haraka, na tangu hapo miguu yake haikumsikia tena. Alilala ndani muda mrefu akiangalia dari. Mwishowe ndugu tukachangishana, ikanunuliwa bajaji, fundi akaihamisha breki ya mguu ikawa ya mkono, na Athumani akarudi kuwa mtu. Anabeba abiria wa uwanja wa ndege, anabeba barafu ya samaki, anatukana wenye pikipiki kama dereva mwingine yeyote.

Tatizo lilikuwa kuingia kwao. Barabara ilipowekwa lami ulichimbwa mtaro wa kina mbele ya nyumba zote za upande ule. Athumani akirudi alilazimika kusimama ng'ambo ya mtaro, apige honi, akae ndani ya bajaji mpaka wapatikane watu wa kumbeba. Wakati mwingine wapo, wakati mwingine wamekwenda kwenye maziko au mpirani. Masika yaliyotangulia alinyeshewa ndani ya ile bajaji, mama yake amesimama mlangoni anamwona na hawezi kumvusha. Athumani akasema yakija masika mengine njia haijapatikana, bajaji anaiuza, atarudi kulala aangalie dari. Hakulisema kwa hasira. Alilisema wakati anakula, na ndiyo maana mama yake aliogopa.

Ilitakiwa njia ya gari, kalvati juu ya mtaro, na ukuta ubomolewe kidogo. Yaani ilitakiwa kazi yangu. Kazi niliyowafanyia wafanyabiashara, walimu, mpaka mtu mmoja wa Kisiwa cha Bwejuu aliyejenga mjini. Na mama yangu aliyeninyonyesha akafunga kanga yake, akaenda ofisini siku ambayo mimi nilikuwa vijijini, akakaa mbele ya Anjela.

Niligundua nilipoona jina lake kwenye meza ya dirishani.  Ijumaa ile nilikwenda kwake baada ya swala, nikala wali wake na samaki wa nazi, nikangoja alitaje mwenyewe. Alizungumza habari za bei ya dagaa, habari za kisima, habari za harusi ya mjukuu wa jirani. Sikuuliza. Nilisema moyoni, mimi ndiye mtoto, mimi ndiye mchora ramani, na mnazi uliopo pale njiani ni wangu vilevile, kwa hiyo ataniomba tu. Nilitaka kuombwa, vijana. Nilitaka aniombe ili nimpe papo hapo.

Ofisini tulikuwa na utaratibu kwamba mmoja akichora, mwingine anakwenda kukagua kiwanjani kabla mkuu hajatia saini. Mchoro wa Anjela ukaja kwangu. Nikautandaza mezani, nikauangalia, na nikafurahi. Sitawadanganya, nilifurahi kama mtu aliyeletewa mbuzi. Njia ilikuwa na kona. Badala ya kunyooka kutoka barabarani hadi uani, ilivuka mtaro, ikaukwepa mnazi, ikapita katikati ya mnazi na baraza ya mbele ya nyumba, halafu ikanyooka. Mtu yeyote aliyewahi kuona bajaji ikigeuka angejua pale hapapiti. Nikasema leo ndiyo leo. Kauliza miti yote ya kisiwa hiki, na sasa kashindwa na bajaji.

Siku ya ukaguzi nilibeba kamba, vigingi na debe la majivu. Anjela alikuja na kibao chake. Mama mdogo alikuwa amekaa barazani anasuka ukili, na Athumani ng'ambo ya mtaro, mkono juu ya usukani, anatuangalia sisi kama mtu anayewaangalia madaktari. Nilimwamkia mama mdogo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye ukili wake. Nikavuta kamba sawasawa na mchoro, nikamwaga majivu, nikachukua kijiti chenye urefu sawa na upana wa bajaji nikakitembeza ndani ya ile njia. Kwenye kona kijiti kikagonga baraza. Nikakirudisha nyuma nikakipitisha tena taratibu, ili kila mtu aone. Kikagonga tena.

Anjela hakubisha. Alisema anajua panabana, ndiyo maana alitaka nipaone kwanza, halafu tukae na mama tuzungumze. Mimi nikaona anajitetea. Nikakunja kamba, nikasimama pale katikati, nikasema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba hakuna cha kuzungumza. Njia inyooshwe. Mnazi ni wangu, mimi nautoa, ukatwe kesho. Na nikageuka kumtazama mama mdogo, nikisubiri uso wake.

Mama mdogo aliweka ukili chini, akainuka, akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu wala nini. Aliingia tu.

Sikuelewa. Nilimgeukia Anjela nikamuuliza ana nini yeye na mnazi wangu. Akasema hilo si lake kulisema, nimfuate mama. Hapo ndipo wivu ulipopanda mpaka nikahisi masikio yanawaka. Yaani kuna neno juu ya kitovu changu, limezungumzwa kwenye baraza niliyotambaa juu yake, na analijua binti wa Songea aliyekuja na begi la mgongoni, mimi silijui. Nikaingia ndani na viatu vyangu vya kazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwenye nyumba ile.

Nilimkuta amekaa kwenye jamvi, ameegemea ukuta, na kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Nikakaa karibu yake. Nikamwambia, mama, Athumani ananyeshewa, na mimi natoa mnazi wangu mwenyewe, kosa langu liko wapi.

Akasema, "Ule mnazi si wako peke yako, Hemedi. Kuna vitovu viwili pale chini."

Nikadhani labda nilikuwa pacha. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwa sauti ya chini, kama anayeeleza jambo la nyumba ya mtu mwingine. Yeye na mama yangu walibeba mimba pamoja, wakajifungua karibu karibu, yeye akatangulia. Alipata mtoto wa kike. Mtoto hakufika kupewa jina. Mama yangu alipojifungua mimi na homa ikamlaza, bibi yangu alimchukua yeye, mwanawe mdogo, aliyekuwa bado analia na maziwa yamemjaa kifuani, akampakatisha mimi. Vitovu viwili vikazikwa pamoja, na mche ukawa mmoja, kwa sababu mtoto aliyebaki alikuwa mmoja.

Miaka yote hiyo nilijua kwamba Bi Pili alininyonyesha, nilikuwa nawasimulia watu kwa majivuno, na katika uhai wangu sikuwahi kujiuliza mwanamke ambaye hana mtoto mchanga maziwa aliyatoa wapi. Nilikuwa mtu wa kuuliza maji yanakotoka na yanakokwenda, na hilo halikunipitia akilini.

Nikamuuliza mama mdogo, Anjela alilijuaje. Akasema, "Alisimama pale akaniuliza mnazi ni wa nani. Nikataka kusema ni wa Hemedi, mdomo ukakataa."

Alimwomba Anjela njia isiuguse mnazi, na Anjela akamwahidi atajaribu. Alijua Athumani anasubiri. Alijua kona haitatosha. Kila alipouangalia mnazi alimwona mmoja, na kila alipoangalia ng'ambo ya mtaro alimwona mwingine, na hakuwa na mtu wa kumwambia amchagulie. Kwangu asingekuja, kwa sababu alijua vizuri ningefanya nini, na nililifanya, kwa sauti ya kusikika barabarani.

Nje Athumani akapiga honi. Alipiga fupi, kisha akapiga ndefu, kama abiria wamemchelewesha. Akauliza kwa sauti kama tumekufa humo ndani au bado tupo hai.

Mama mdogo akafuta uso kwa upindo wa kanga, akainuka akishika goti, akatoka. Nikamfuata. Alisimama kwenye majivu yangu, akaitazama kona, akautazama mnazi, akaitazama baraza ya mawe ambayo mumewe marehemu aliijenga kwa mikono yake, ambayo wanawake wa mtaa wote hukaa juu yake jioni na ukili wao. Aligonga ukingo wa baraza kwa kisigino.

"Kateni hapa," akasema. "Mimi nimepungua, sihitaji baraza yote."

Anjela akachuchumaa mara moja, akaanza kupima. Mimi nikapeleka kijiti. Tukiikata baraza pembeni na kuuviringa ukingo wake, bajaji inapita, na gurudumu linabaki mbali na mizizi. Nilimwonyesha Anjela jinsi ya kupandisha zege kidogo upande wa baraza ili maji ya mvua yasimwagikie nyumbani, na yeye akanionyesha kwamba kalvati likilala kidogo upande kona inafunguka zaidi. Sikulifikiria hilo. Nalisema hapa kwa sababu mtalisikia kwake hata hivyo, siku hizi yeye ndiye mkuu wenu, na kuna siku atawasimulia kwa sauti ile yake ya upole inayoniudhi. Nikachota ndoo kisimani, nikamwaga, tukakaa wote wawili chini tukaangalia maji. Yalikwenda mtaroni.

Mkuu akatia saini, wenye barabara wakaridhia kalvati, mafundi wakaja. Waliikata baraza kwa tindo, jiwe kwa jiwe, na mama mdogo hakutoka nje siku hiyo. Zege lilikauka wingu la kwanza likiwa limeshakaa upande wa kusini.

Siku Athumani alipoingia uani kwa mara ya kwanza, mtaa mzima ulikuwepo. Alivuka kalvati polepole, akafika kwenye kona, akasimama, akachungulia gurudumu la nyuma, akakata usukani, akapita katikati ya mnazi na baraza bila kugusa upande wowote. Alifika mpaka mlangoni, akazima mashine, akashika nguzo ya mlango kwa mkono, akajivuta mwenyewe akakaa kizingitini. Hakuna aliyembeba. Alikaa pale anahema, halafu akawaambia wanaomtazama kwamba kama hakuna anayekwenda uwanja wa ndege wampishe apate hewa. Watu walicheka na wengine wakageuka pembeni. Waliompongeza mama mdogo walimpongeza, na wengi walikwenda kumshika Anjela mkono. Mimi walinipa sahani ya biriani nikawagawie mafundi.

Jioni watu walipopungua nilibaki na mama mdogo kwenye kile kipande cha baraza kilichosalia. Palikuwa panatosha watu wawili kwa shida. Wingu la kusini lilikuwa limekaribia, na bajaji ilikuwa uani, kavu. Nilikuwa na swali na nilishaapa sitaliuliza, lakini wivu hauna adabu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, tangu udogo wangu hata leo, mpaka akaja kumwambia mgeni.

Alikuwa anakusanya mabaki ya ukili yaliyobaki barazani.

"Ningekuambia," akasema, "ungekua unajua kwamba unakunywa maziwa ya mwenzio. Mtoto akijua hivyo hashibi. Nilitaka ushibe."

Nikainamisha kichwa. Nilitaka kumshika mkono nikashindwa. Adhana ya magharibi ikaanza, akainuka kwenda kutia udhu. Alipita kwenye kona yetu mpya, na alipofika kwenye mnazi akaweka kiganja chake kwenye shina, akasimama hapo kidogo, midomo inacheza. Nilimsikia anamwita yule binti yake kwa jina. Kumbe alimpa jina mwenyewe, kimya kimya, na hajawahi kumwambia mtu yeyote, wala Anjela.

Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilikaa pale kwenye nusu ya baraza, nikamwonea wivu mtoto yule.